Kiti cha Bosi Ukaguzini

Fundi alikuwa ametengeneza baiskeli za watu kwa miaka kumi na tisa bila kupanda ndege hata mara moja. Siku alipopanda, alikuwa na binti yake wa miaka tisa, kiti cha magurudumu alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe, na hofu ambayo hakumwambia mtu.

Mtoto walimwita Bosi. Jina lilianzia karakanani, siku mteja mmoja alipomwona fundi akiacha gurudumu likizunguka hewani na kukimbilia ndani kwa sababu tu mtoto kanyanyua nyusi. Mteja akasema, hapa nimeshajua bosi ni nani, na jina likaganda. Bosi hakuweza kusema, wala kukaa bila kuegemezwa, wala kushika kijiko. Alikuwa na macho. Akitazama juu, ni ndiyo. Akifumba, ni hapana. Akikukodolea bila kupepesa, ujue umekosea na ujirekebishe upesi.

Kiti chake kilikuwa kazi ya miezi mitatu. Fremu ilitoka kwenye kiti kikuukuu kilichotupwa na hospitali, magurudumu ya nyuma yalitoka kwenye baiskeli ya mtoto wa jirani. Penye ufundi hasa palikuwa kwenye kikalio. Fundi alikichonga kwa vipande vya godoro gumu, tabaka juu ya tabaka, akiufuata mgongo wa binti yake ulivyopinda. Ndani ya sponji alipitisha spoku za baiskeli ili sehemu ya mgongo isibonyee, na chini ya mapaja akazika kipande cha chuma, kiti kisije kikapinduka kinyumenyume mtoto akijitupa. Juu akafunika kwa ngozi ya plastiki, akashona, akapiga gundi. Kikalio chote kilichomoka kizima kutoka kwenye fremu. Ndicho ambacho kingewekwa juu ya siti ya ndege, maana bila hicho Bosi alikuwa anateleza kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

Safari yenyewe ilikuwa ya nyonga. Nyonga ya kushoto ilikuwa imechomoka mahali pake na kumtesa mtoto mwaka mzima. Sasa madaktari bingwa walikuwa wamekuja kwenye hospitali kubwa ya mji mwingine kwa wiki moja tu, na Bosi alipangiwa kuonwa siku ile ile ya safari, saa kumi jioni. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine.

Mama Bosi ndiye aliyepaswa kwenda. Yeye ndiye aliyezijua kliniki na madaktari, ndiye aliyeyajua majina ya dawa yanayoung'ata ulimi. Lakini alikuwa na mimba ya miezi minane na shirika la ndege lilimkataa. Kwa hiyo asubuhi ile alimkabidhi mumewe bahasha yenye barua ya daktari, karatasi mbili zenye mhuri, akamwambia asiitoe mkononi mpaka afike hospitali. Fundi akaitikia.

Kwenye foleni ya kukabidhi mizigo aliifungua akaisoma. Mstari kwa mstari ilisema mtoto hawezi hiki, hawezi kile. Alihesabu "hawezi" saba kwenye ukurasa wa kwanza peke yake. Alimtazama Bosi, ambaye muda huo alikuwa akimcheka mzee mmoja aliyekuwa akipigana na kifuniko cha sanduku lake, na akaona kwamba mtu aliyeandikwa kwenye karatasi ile si huyu. Akaikunja barua, akaipenyeza kwenye sanduku katikati ya nguo, sanduku likapimwa, likabandikwa karatasi na kutokomea kwenye mkanda. Alijiambia kwamba mwenye macho ataona mwenyewe.

Kulikuwa na kosa jingine, alilolifanya kwa nia njema. Dawa ya kifafa ilikuwa maji, ndani ya chupa kubwa ya kioo. Mteja mmoja msafiri alimwambia kwamba chupa kubwa zinachukuliwa uwanjani. Fundi akamimina dawa ya siku ile kwenye kichupa cha plastiki kilichowahi kuwa na dawa ya kikohozi, na kwa kuwa ni mtu makini, akaibandua karatasi yake ili isimchanganye mtu.

Walifika ukaguzini saa tatu na nusu. Ndege ilikuwa ya saa nne na dakika arobaini, na geti la kupandia lingefungwa saa nne na ishirini. Dawa ya Bosi ilikuwa saa nne kamili. Fundi alizipanga saa hizo kichwani kama anavyopanga vifaa mezani, akaona nafasi ipo.

Kulikuwa na taa kali, trei za plastiki zikigongana, na sauti ya kipaza ikitangaza mambo yasiyosikika vizuri. Fundi alivua mkanda na viatu, akaweka simu, mkoba na kichupa cha dawa kwenye trei. Kiti hakikuweza kupita kwenye lango la kukagulia watu kwa sababu ya chuma, kwa hiyo dada mmoja aliyevaa glovu aliwaita pembeni. Alikuwa na sauti laini. Alimsalimia Bosi kwanza kabla ya fundi, akachukua kitambaa kidogo cheupe, akakipitisha kwenye vishikio vya kiti, kwenye magurudumu, kwenye mkanda wa kifuani, kisha kwenye viganja vya mtoto. Akakiingiza kwenye mashine ndogo iliyokuwa mezani.

Mashine ikalia. Dada wa glovu hakushtuka. Alibadilisha glovu, akachukua kitambaa kipya, akapangusa upya, polepole zaidi. Mashine ikalia tena, na taa nyekundu ikawaka juu yake. Safari hii dada aliinua macho akamtafuta mtu nyuma ya fundi.

Aliyekuja alikuwa msimamizi wa zamu, mwanamume wa makamo mwenye redio begani, mwenye sauti ya mtu asiyehitaji kuipaza. Alimwambia fundi kwamba mashine imenusa kitu ambacho kinaweza kuwa cha mlipuko, kwamba mara nyingi si hivyo, lakini lazima ijulikane. Neno mlipuko lilisemwa kwa utulivu, ila mama mmoja aliyekuwa akivaa viatu karibu nao alilisikia, akaondoka na kiatu kimoja mkononi.

Dada wa glovu aliuliza mtoto kapakwa nini leo. Fundi akasema gliserini, miguu na mikono yake hukauka, humpaka kila asubuhi na kumkanda. Na mikono iliyompaka ndiyo iliyosukuma kiti. Dada akamgeukia mkubwa wake, akamwambia kwamba gliserini huwa inaiamsha mashine.

"Inawezekana," msimamizi alisema. "Lakini 'inawezekana' peke yake haipandi ndege."

Akaagiza kikalio kichomolewe kipitishwe kwenye eksirei.

Fundi alimfungua Bosi mikanda na kumbeba. Mtoto wa miaka tisa asiyejishikilia ni mzito kuliko kilo zake. Alimweka begani, kichwa kikiegemea shingoni kwake, mkono mmoja chini ya mapaja, mwingine mgongoni, akiilinda nyonga ile isiguswe. Kikalio kikapita kwenye mkanda. Alikuwa amesimama mahali ambapo aliweza kuona kioo cha mashine, na akaona alichokitengeneza kikitokea pale. Kwenye kioo hakikuwa kikalio tena. Vilionekana vyuma vyembamba kumi na viwili vilivyopangwa sambamba, vikiishia kwenye kipande kizito cheusi, na vyote vimezikwa ndani ya kitu kilichoshonwa na kugandishwa kila upande. Angekuwa yeye ndiye mkaguzi, na yeye angekisimamisha.

Alieleza. Hizi ni spoku, hiki ni chuma cha kuzuia kisipinduke, mimi ni fundi baiskeli. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kikalio lazima kikatwe kionekane ndani, kichupa kile kisicho na jina hakiendi popote mpaka kijulikane ni nini, na yeye fundi aingie chumba cha pembeni apekuliwe peke yake. Mtoto atabaki na dada.

"Simwachi," fundi alisema.

Msimamizi akaeleza kwamba utaratibu ndivyo ulivyo. Aliyeshikwa na mashine hapekuliwi akiwa amebeba mtu. Ni dakika tano.

"Mzee, simwachi."

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Foleni nzima ikageuka. Mtu mmoja mwenye haraka zake alisema, bila kujificha, kwamba mtoto mkubwa kama yule abebwe ya nini, si asimame watu wapite. Fundi akambana Bosi begani, hakusogea. Msimamizi naye hakurudi nyuma hata hatua. Alisema kwa sauti ile ile kwamba akikataa kupekuliwa ataitwa polisi, na polisi wakiitwa basi leo hakuna safari. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye redio.

Hapo ndipo Bosi alipoanza kukakamaa. Fundi hakuhitaji kumtazama, alimsikia begani. Kwanza vidole vya miguu vilijikunja, kisha magoti yakaanza kunyooka yenyewe kama mtu anayevuta kamba kutoka ndani, na ile nyonga ikamuuma, akatoa mlio mwembamba. Mate yakamchuruzika shingoni kwa baba yake. Hicho hakikuwa kifafa bado. Kilikuwa kile kinachokitangulia, na fundi alikijua kama anavyojua mlio wa mnyororo unaotaka kukatika. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi.

"Mtoto ana tatizo gani?" msimamizi aliuliza.

"Amechelewa kidogo."

"Amechelewa nini?"

Jibu lile fundi alikuwa amelitumia miaka tisa. Alilitumia kwa wateja, kwa majirani, kwa wakwe, hata kwa kaka yake wa kuzaliwa naye, na kila mara lilitosha, kwa sababu kila aliyeuliza alifurahi kuishia hapo. Huyu hakuishia hapo. Alisimama anangoja.

Fundi akapiga magoti sakafuni, pale pale kwenye vigae, bila viatu. Alimlaza Bosi ubavu mapajani mwake, akamshika kichwa ili waonane.

"Bosi," alisema, "hawa watu wanataka habari zako. Niwaambie?"

Mtoto alimtazama. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, na macho yalitanga kwanza kuelekea kwenye taa, kwenye trei, kwa watu wa foleni waliokuwa wakiwatazama. Kisha yakarudi kwa baba yake, yakapanda juu.

Fundi akajikaza kisabuni.

"Ana mtindio wa ubongo," alisema. "Alikosa hewa siku aliyozaliwa. Hasemi, ila anasikia kila neno, hata hili. Ana kifafa, na dawa ni hiyo hapo mezani, anatakiwa kunywa saa nne kamili. Akiogopa, au akiumia, au dawa ikichelewa, kinampanda. Kikimpanda leo hawatampasua nyonga, na wale madaktari wanaondoka. Nikitoka mbele ya macho yake hapa, kitampanda. Barua ya hospitali ipo, ina mhuri. Niliiweka kwenye sanduku kwa sababu niliona aibu." Akamfuta Bosi mate kidevuni. "Si yeye wa kuonewa aibu. Aibu ilikuwa yangu."

Hakuna aliyelia wala kupiga makofi. Yule mwenye haraka zake alijishughulisha na mkanda wa suruali yake. Msimamizi akatoa mkono kwenye redio, akaushusha. Alisema upekuzi utafanyika pale pale, nyuma ya pazia la kukunja, baba amekaa chini na mtoto mapajani, yeye mwenyewe ndiye atakayempekua. Kisha akaishika tena redio, na fundi akashtuka, lakini safari hii aliita zahanati ya uwanjani walete muuguzi mbio.

Muuguzi alikuja na mkoba wake akaomba jina la dawa. Fundi akakitazama kichupa. Alijua ni ya rangi ya waridi, alijua ni mililita sita, alijua inatolewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Jina hakulijua. Miaka yote ile jina lilikuwa mdomoni mwa mkewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na barua wakati huo ilikuwa tumboni mwa ndege.

Wakamruhusu kupiga simu. Dada wa glovu aliitoa kwenye trei, akaishika mwenyewe, akaweka sauti ya nje.

"Baba Bosi, mmeshapanda?"

"Bado. Kuna muuguzi hapa anataka jina la dawa."

"Si limo kwenye barua?"

"Barua iko kwenye sanduku."

Mama Bosi hakuuliza imefikaje huko. Alilitaja jina la dawa, akalitaja herufi kwa herufi kama anayewasomea watoto imla, akataja nguvu yake, kipimo, saa, na jina la daktari aliyeiandika. Alisema mtoto apewe akiwa ameinamishwa kichwa mbele kidogo, bomba lipite pembeni mwa shavu, polepole, na wasimshike mikono, wamshike kichwa tu. Muuguzi aliandika vyote, akakinusa kichupa, akalinganisha rangi na kitabu chake, akatia sahihi. Msimamizi bado hakuridhika. Aliuliza kama fundi yuko tayari kuionja dawa ile kwanza. Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kabla swali halijaisha.

Simuni, Mama Bosi alikuwa bado hajakata. "Wewe," alimwambia mumewe, "tutaongea."

Bosi alikunywa dawa yake saa nne na dakika nne, nyuma ya pazia, akiwa amekakamaa hata bomba likagonga meno. Fundi aliimimina tone kwa tone huku akimwimbia kwa sauti ya chini ule upuuzi anaomwimbia kila siku, na msimamizi akiwa amechuchumaa mbele yao akimpapasa fundi kwenye pindo za suruali kama utaratibu ulivyotaka. Dakika mbili zikapita. Goti moja likalegea. Baadaye kidogo na la pili.

Kikabaki kikalio.

Fundi alisema kikikatwa ovyo kitakuwa takataka, sponji itafumuka na gundi itachanika nayo. Akaomba akikate mwenyewe, wampe kisu. Alipolitamka neno hilo, mahali pale, mbele ya watu wale, dada wa glovu aliuma midomo asicheke, na hata msimamizi alitazama pembeni. Walikubaliana kwamba dada akate na fundi aelekeze. Visu havikuwa shida. Chini ya meza kulikuwa na ndoo iliyojaa walivyowanyang'anya abiria, mikasi, visu vya matunda, bisibisi, nyembe. Fundi, mtoto begani, alivichungulia kama yuko dukani, akachagua mkasi mmoja wa cherehani wenye makali mazuri.

"Anza hapo kwenye kona," alimwambia. "Fuata mshono, usifuate gundi. Ukifika kwenye mkunjo, inua."

Dada alikata. Mikono yake haikuwa ya fundi, mara mbili ilipotoka, na kila ilipopotoka fundi alivuta pumzi kana kwamba ni yeye anayekatwa. Alijua kila sentimita ya kile kilichokuwa kikifunguliwa. Pale ndipo aliposhona siku ambayo Bosi alikuwa na homa. Pale alirudia mara nne kwa sababu bega la kulia lilikuwa likikwaruzwa. Ngozi ya plastiki ilifunguka kama ganda, sponji ikaonekana, na ndani yake spoku zikilala kimya zilivyolazwa.

Walipangusa sponji, wakapangusa spoku na chuma. Mashine haikulia. Wakamwosha Bosi mikono kwa sabuni, wakamwosha fundi, wakapangusa vishikio vya kiti kwa maji na sabuni mara tatu, wakajaribu tena. Haikulia. Fundi aliitazama taa ndogo ya kijani iliyowaka juu yake.

Saa nne na dakika kumi na nane.

Chuma, msimamizi alisema, hakiwezi kuingia ndani ya ndege. Kizito vile ni silaha mkononi mwa mtu. Spoku nazo zina ncha. Fundi alimweleza kwamba bila spoku kikalio kile ni godoro tu. Msimamizi akasema anaelewa, na hawezi. Hakukuwa na muda wa kubishana. Dada wa glovu alizichomoa spoku moja baada ya nyingine akaziweka kwenye trei, akakirudisha kifuniko juu ya sponji na kukizungushia selotepu ya mizigo mizunguko mingi mingi. Msimamizi aliongea na watu wa getini kwa redio, akawaambia wasubiri abiria wawili, mmoja yuko kwenye kiti. Fundi alivaa viatu bila kufunga kamba. Msimamizi hakuomba radhi, na fundi hakushukuru. Walitazamana tu kidogo, kisha dada akashika mkoba, fundi akashika kiti, wakakimbia.

Mlango wa ndege ulifungwa nyuma yao.

Kama fundi alivyosema, bila spoku kikalio hakikufaa. Walikiweka juu ya siti, Bosi akazama kama anayekaa kwenye unga. Mhudumu wa ndege alisema mtoto wa umri ule hawezi kupakatwa, lazima akae kwenye siti yake na mkanda. Fundi akavua koti akalikunja ubavuni mwake, akasokota shali na kuiweka chini ya goti, na sehemu ambayo spoku zingeshika, akaweka mkono wake. Aliupitisha nyuma ya mgongo wa binti yake, kiganja kikishika kwapa la upande wa pili, bega likizuia kichwa. Alikaa hivyo saa moja na dakika ishirini. Nusu ya njia hakuusikia mkono tena, ila aliona uko pale. Bosi alilala, dawa ilikuwa imemchukua. Wakati ndege inateremka alishtuka, akafumbua macho, akamkodolea baba yake, kisha akalala tena.

Saa kumi kasoro robo walikuwa mbele ya daktari bingwa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Fundi alikuwa ameitoa barua kwenye sanduku uwanjani kule kule, imekunjamana, akampa. Daktari aliisoma haraka, kisha akamuuliza maswali mengine ambayo hayakuandikwa. Analala upande gani, anacheka akifanyiwa nini, akiumia anaonyesha vipi. Fundi alijibu mengi mpaka muuguzi akalazimika kumkumbusha daktari kwamba nje kuna wagonjwa wengine.

Bosi alipasuliwa siku ya tatu. Nyonga ya kushoto ilirudi mahali pake. Ya kulia, walisema, nayo imeanza kulegea, iangaliwe, huenda ikahitaji kisu mwakani. Alifungwa plasta kutoka kiunoni mpaka chini ya magoti, miguu imetanuliwa, na kwa siku mbili alilia kilio ambacho fundi hakuwahi kukisikia, na hakuwa na la kufanya ila kukaa nacho. Siku ya tatu akapunguza.

Mama Bosi na mumewe waliongea kama alivyoahidi, kwa simu, karibu saa nzima. Nini kilisemwa ni cha kwao. Baada ya mazungumzo hayo fundi aliomba karatasi kwa muuguzi wa wodi, akaandika majina ya dawa zote tatu na vipimo vyake, akayakariri akiwa amekaa kando ya kitanda, akiyakosea na kurudia, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akayajua.

Wiki sita zilipoisha na plasta kutolewa, ilionekana kwamba kikalio cha zamani hakifai tena hata kingekuwa kizima. Mgongo ulikuwa umebadilika, na mguu wa kushoto ulikuwa umerefuka kwa sentimita mbili. Nyumbani, fundi akaanza upya kuchonga. Kipya kilimchukua wiki tano. Kilikuwa kizito kuliko cha kwanza, na mshono wake haukunyooka, kwa sababu alikishona akisikiliza mtoto mchanga analia chumba cha pili na mkewe akimwita kila dakika. Siku ya kwanza Bosi alikikalia robo saa, akafumba macho, akakataa kuyafumbua mpaka alipotolewa. Fundi akapunguza sponji upande wa kushoto. Siku ya pili alikaa nusu saa.